Ndoo Nyeupe ya Wauza Waridi

Kitu kisicho na jina la mwenyewe hakionyeshwi, na jina haliandikwi mwenyewe asipokubali. Motahar Talukdar aliiandika kanuni hiyo kwa kalamu nene juu ya kipande cha katoni, kwa Kibangla na kwa Kifaransa, akaibandika juu ya mlango wa chumba cha nyuma cha duka lake. Aliishika kwa miaka kumi na sita. Aliivunja mara moja, kwa siku moja na nusu.

Duka lenyewe lipo Koekelberg, mtaa wa pili ukishuka kutoka Basilika. Alilifungua kwa ajili ya Wabangladeshi wenzake, lakini wao walikuwa wachache, na duka lingekufa mwaka wa kwanza kama wasingeingia akina mama wa Kongo kutafuta sombe, yaani kisamvu, unga wa muhogo na samaki wakavu. Wengi wao walitoka Kivu, nao ndio waliomfundisha Kiswahili, kwa sababu ndio waliobishana naye zaidi. Kwao Motahar, upande wa Sylhet, watu hula samaki wadogo waliokaushwa juani kama watu wa Kivu wanavyokula ndagala. Hakuhitaji kufundishwa ipi nzuri na ipi mbovu.

"Papa Motahar, hizi ndagala zilikufa mara mbili," Kahambu alimwambia siku moja, akiunusa mfuko.

"Mara ya kwanza Tanganyika, mara ya pili baridi ya Bruxelles," Motahar akajibu. "Na weye pia, maman, ile baridi haikukuacha."

"Miye ningali muzima. Trois euros," Kahambu akasema, akitaja bei ya euro tatu.

"Trois cinquante," Motahar akaongeza nusu euro. "Juu ungali muzima."

Kahambu alizaliwa Butembo, akafika Brussels kama mkimbizi, na sasa anawahudumia wazee katika nyumba moja huko Woluwe-Saint-Lambert. Kila asubuhi ya zamu yake anavuka mji mzima kwenda kuwaosha na kuwalisha watu ambao watoto wao hawana nafasi. Zamani, huko kwao, alikuwa karani wa shule ya parokia, na Kifaransa chake cha kuandika hakina doa. Siku aliyoingia chumba cha nyuma kutafuta gunia la mchele, aliona kadi zilizofungwa kwa uzi kwenye vitu, akasoma moja, akatoa kalamu mkobani na kusahihisha makosa matatu bila kuombwa. Tangu siku hiyo kadi zote ziliandikwa na yeye.

Vitu vilikuwa ndani ya maboksi ya ndizi, ishirini na mawili. Kulikuwa na koti la kwanza la baridi la mtu aliyefika Januari na ndara miguuni. Kulikuwa na kaseti ambazo wake walizijaza sauti zao na za watoto, wakazituma badala ya barua, maana wengi hawakujua kuandika. Kulikuwa na kisu cha samaki kinachosimama juu ya ubao, ambacho mwanamke mmoja alikibeba kutoka kijijini akiwa amekifunga ndani ya sari ya harusi. Kila kitu kilikuwa na kadi, na kila kadi majina mawili, kwa sababu Mbangla hupewa majina mawili utotoni: jina zuri la shule na makaratasi, na jina la nyumbani ambalo mama na marafiki hulitumia maisha yote.

"Alors muko na jina ya dimanche na jina ya semaine," Kahambu alisema alipoelezwa, yaani la Jumapili na la siku za wiki. "Na weye, ya semaine ni gani?"

"Tunu."

"Tunu! Na hizo ndevu zote?"

Kuna watu wanaodhani kwamba kuhifadhi ni kupamba. Huchukua picha ya bendera, picha ya harusi, picha ya mkahawa siku ulipofunguliwa, wakasema huu ndio urithi wetu. Motahar hakuwa mtu wa namna hiyo, lakini isidhaniwe kwamba alizaliwa mnyoofu. Kanuni yake ilitokana na uongo wake mwenyewe.

Mwaka 2009, katika sherehe moja ya mji, ilitundikwa picha kubwa. Wanaume kumi wa Kibangladeshi walikuwa wamesimama mbele ya kituo cha treni, kila mmoja na ndoo ya maua. Chini yake paliandikwa kwamba hawa ni wauza waridi, miaka ya tisini. Jina halikuwapo hata moja. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Motahar. Binti yake Rehana, wakati huo ana miaka minane, aliyasoma maandishi kwa sauti, kisha akamuuliza kama anawajua watu hao. Motahar alisema hapana.

Alimkana kijana yule mwembamba wa kwenye picha, aliyezunguka na ndoo kutoka mkahawa hadi mkahawa kwa miaka minane, akiinamia meza za watu wanaokula na yeye hajala, ili yeye apate siku moja kuwa na duka, mke na binti wa kumwuliza maswali. Motahar alijilaumu, na alistahili lawama. Aliona pia kwamba picha ile ilikuwa imemrahisishia uongo. Majina kumi yangekuwa yameandikwa chini yake, asingethubutu. Wiki iliyofuata alianza kukusanya vitu na kuvipa majina. Jambo moja tu hakulifanya, nalo lilikuwa la kwanza kustahili kufanywa: hakurudi kwa Rehana kusahihisha. Rehana alikua, akasomea uuguzi, akiamini kwamba baba yake aliyaanza maisha ya Ubelgiji nyuma ya kaunta.

Miongoni mwa maboksi yale palikuwa na ndoo moja. Ilikuwa ndoo nyeupe ya plastiki, ya mayonezi, ya lita kumi, ile ambayo wauza viazi vya kukaanga huitupa ikiisha. Mshikio wa waya ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha lungi, nguo ya kiume ya kujifunga kiunoni, ili usikate kiganja. Mwenye ndoo aliitwa Lutfor, rafiki wa Motahar tangu juma walilofika wote wawili, mwaka 1993. Walikaa chumba kimoja karibu na kituo cha Midi, wakalala kitanda kimoja kwa zamu. Wakati wa baridi mwenye glavu alikuwa mmoja. Mwingine alitia mikono ndani ya soksi. Sasa Lutfor ana mikahawa mitatu, na ni mwenyekiti wa chama chao. Ndoo alimpa Motahar mwaka 2014 aliposafisha ghala, akicheka, akatia sahihi kwenye daftari.

Basi mwaka jana komini ya Berchem-Sainte-Agathe, yaani manispaa ya jirani, iliwapa ukumbi kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili ya mwezi wa pili, kuonyesha safari yao. Lilikuwa jambo kubwa. Motahar na Kahambu walipanga meza kumi na moja kwenye karatasi, na meza ya katikati wakaiwekea ndoo. Wiki moja kabla, Lutfor aliingia dukani akiwa amevaa koti zuri, akasubiri mteja mmoja atoke.

"Motahar bhai," alisema, kwa neno lao la kumwita ndugu, "ile ndoo ibaki hapa."

"Ulinipa mwenyewe. Sahihi yako ipo."

"Nilikupa wakati sina wakwe wa kuja kuiangalia."

Mwanawe alikuwa amechumbia binti wa daktari, familia ya Dhaka, nao walikuwa wamealikwa kwenye ufunguzi. Walikuwa wameambiwa kwamba Lutfor alikuja Ubelgiji kusomea mambo ya hoteli.

"Nani aliwaambia hivyo?" Motahar aliuliza.

"Mimi. Ulitaka niwaambieje? Kwamba nilisimama na maua mpaka mtu aibike mbele ya mpenzi wake ndipo anunue?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Weka picha za mkahawa wangu. Weka kile kisu cha samaki, watu watakipenda."

"Na miaka minane? Nani atasema tulikuwa wapi miaka minane?"

"Hakuna atakayeuliza."

"Ndiyo maana nataka iwepo mezani."

Lutfor hakukasirika. Aliinua kidole kuelekea ile katoni juu ya mlango. "Soma kanuni yako, nusu ya pili. Jina langu sikubali. Basi ndoo haina jina, na kitu kisicho na jina hakionyeshwi. Sivyo ulivyoandika?"

Alikuwa na haki. Wala hakuwa mtu mbaya. Wenzao waliofia ugenini ni yeye aliyehangaika na makaratasi hadi miili ikafika kwa mama zao. Lakini mtu anaweza kuwatendea wengine mema mengi na bado akashindwa kuutazama ujana wake mwenyewe.

Motahar alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Angeweza kuiwekea ndoo ile jina lake, maana na yeye aliuza waridi, lakini huo ungekuwa uongo: ndoo haikuwa yake. Angeweza kuiacha, na miaka minane ingefutika mbele ya watoto wao wote. Alhamisi asubuhi, ukumbini, alipata njia ya tatu. Alimwambia Kahambu aandike kadi yenye jina la nyumbani la Lutfor peke yake, Badol, ambalo hakuna Mbelgiji wala diwani wa komini angelitambua.

Kahambu alishika kalamu, hakuandika. "Papa Motahar, huyu Badol ni nani?"

"Ni jina tu."

"Jina tu haiko. Jina iko na muntu. Alisema oui, alikubali?"

"Alikataza ile ya makaratasi. Hii hakuikataza."

"Ah bon. Donc alikufungia mulango, weye unapita ku fenêtre, ku dirisha."

"Andika, maman."

"Niko naandika. Lakini mukono yangu haiko content, haina furaha."

Aliandika. Hivyo ndivyo kanuni ilivyovunjwa, na mtu aliyeitunga, kwa werevu mdogo usiomfaa mtu wa umri wake. Alikuwa amewafikiria Wabelgiji watakaosoma kadi, akawasahau watu wake mwenyewe, ambao jina la makaratasi la jirani wanaweza wasilijue mpaka siku ya mazishi, lakini jina la nyumbani wanalijua wote.

Ijumaa alasiri wanawake walileta masufuria ya chakula cha kesho. Mmoja wao alipita karibu na meza ya katikati, akasoma, akawaita wenzake kwa Kibangla.

"Njooni muone. Ndoo ya Badol."

"Badol yupi?"

"Yupo Badol mwingine mwenye mikahawa? Sasa yule daktari atampa binti au atanunua ua moja aende zake?"

Walicheka, wala si kwa ubaya. Motahar alikuwa amepanda ngazi akifunga taa. Alishuka, akaing'oa kadi, akaichukua ndoo na kutoka nayo bila kofia.

Alipanda tramu namba 19 kurudi upande wa Koekelberg. Watu walikuwa wametoka kazini, na kila aliyeingia aliitazama ile ndoo tupu. Baada ya vituo viwili Motahar aligundua kwamba ameificha nyuma ya mguu wake, kama alivyokuwa akifanya zamani polisi wakipanda. Aliitoa nyuma ya mguu, akaiweka juu ya magoti na kuishika kwa mikono miwili mpaka akashuka Simonis.

Lutfor alikuwa mlangoni mwa mkahawa wake. Simu zilikwisha kumfikia.

"Jina la nyumbani ndilo halina mwenyewe?" aliuliza.

"Nilikosa," Motahar alisema. "Nimekuvunjia ahadi niliyoiandika kwa mkono wangu. Ndoo yako hii."

Lutfor aliipokea. Kidole gumba chake kilienda chenyewe kwenye kitambaa cha mshikio, kikakaa hapo. "Na ile meza sasa utaweka nini?"

"Yangu."

"Yako uliitupa kwenye mfereji siku ulipopata makaratasi. Nilikuwa nimesimama na wewe."

"Ndicho nitakachoandika."

"Ukijiandika wewe, umeniandika mimi. Kila mtu anajua tulilala kitanda kimoja."

"Jina lako halitakuwapo."

"Halihitaji kuwapo. Motahar bhai, nakuomba. Ngoja harusi ipite, kisha andika hata ukutani kwa Basilika."

"Nimengoja miaka kumi na sita."

"Basi ukiandika, kwangu usije tena. Idi usije. Nikifa usije."

"Ukifa nitakuja," Motahar alisema. "Siku hiyo hutaweza kunikataza."

Aliporudi nyumbani alimkuta Rehana jikoni akila wali akiwa bado na sare ya hospitali. Alivuta kiti, akamwambia habari ya picha ya mwaka 2009 na jibu alilompa. Alikuwa amejiandaa kwa machozi au kwa hasira.

"Picha gani, Abba?" Rehana aliuliza.

Alikuwa amesahau. Sherehe aliikumbuka kwa sababu alinunuliwa puto. Ikambidi Motahar aieleze picha yote, mtu kwa mtu, kutoka kushoto, mpaka alipojifikia yeye mwenyewe. Hapo Rehana aliacha kula.

"Watu walikuwa wananunua?"

"Wengi walifanya hivi." Motahar alipunga mkono pembeni, uso umegeukia kwingine.

Rehana aliutazama ule mkono. "Wagonjwa wengine hunifanyia hivyohivyo," alisema. Kisha: "Kesho nitasimama kwenye meza hiyo. Hizo meza nyingine tafuta mtu mwingine."

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa tano. Kaimu mwenyekiti ndiye aliyefungua. Lutfor hakuja, wala wakwe zake. Meza ya katikati ilikuwa na kitambaa cheupe, na juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa kadi moja ya Kahambu. Motahar alikuwa ametaka maneno mengi ya kueleza na kuomba radhi, na Kahambu aliyakata yote. "Trop de mots, papa, maneno ni mingi. Hii haiko mahubiri." Yalibaki haya:

"Mimi, Motahar Talukdar, nyumbani Tunu, niliuza waridi katika mikahawa ya Brussels tangu 1993 hadi 2001. Ndoo yangu ingekuwa hapa. Niliitupa mwenyewe kwa sababu niliionea haya. Sioni haya tena."

Watu walisimama hapo kuliko mahali pengine popote. Bibi mmoja wa Koekelberg, Lucienne, mteja wa miaka mingi, alisoma mara mbili, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alikuwa mmoja wa wale wanaopunga mkono bila kutazama. Motahar alimjibu kwamba hilo nalo ni sehemu ya habari, na karatasi zipo, akikubali kuweka jina. Lucienne aliwaza, akavua glavu, akaandika sentensi moja na jina lake kamili. Kadi yake iliwekwa kando ya ile ya kwanza.

Kisha mzee mmoja mwenye fimbo, baba wa watoto sita, alimwomba Rehana kalamu. Aliandika polepole, jina zuri na jina la nyumbani, miaka minne, waridi. Wa pili aliandika akiwa amesimama wima kama anayeitikia jina lake jeshini. Hadi Jumapili jioni yalikuwa majina kumi na moja, na watoto wa watu hao walikuwa wakiyapiga picha kwa simu, wakiwaambia wenzao, huyu ni babu yangu. Jina moja lilikatwa kwa mstari. Aliyelikata ni mtoto wa mwenye jina, mwenye duka la simu. Motahar hakugombana naye. Alimpigia baba mtu, akamwuliza kama amebadili nia. Mzee alikuja kwa basi peke yake, akaandika upya chini ya ule mstari, kwa herufi kubwa mara mbili.

"Hawa ndiyo wanaume," Kahambu alisema, akimtazama akitoka. Alisema kwa Kiswahili, hivyo aliyemwelewa alikuwa Motahar peke yake.

Kadi zile sasa zimo ndani ya boksi la ishirini na tatu. La ishirini na nne ni la Kahambu. Ameweka humo bangili ya plastiki yenye namba aliyofungwa mkononi siku aliyofika kituo cha wakimbizi, ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu, na kadi ameiandika mwenyewe, jina lote, bila kosa. Rehana huja Jumapili kurekodi sauti za wazee. Komini imeomba maonyesho yarudiwe, na safari hii wamekuja watu wa Koekelberg nao kuomba.

Harusi ya mwana wa Lutfor ilifanyika mwezi wa sita, na ilikuwa nzuri kwa maneno ya waliokwenda. Motahar hakualikwa. Idi iliyofuata alikula nyumbani kwake, mara ya kwanza tangu afike Ulaya. Kanuni yake ilimgharimu rafiki wa miaka thelathini na miwili, na hakuwa na mwingine.